Barua ya wazi: Betri na abiria wasipande boti moja

Kwa Serikali ya Kaunti ya Lamu, Mamlaka ya Bahari Kenya (KMA), Mamlaka ya Bandari Kenya (KPA) na Kikosi cha Walinzi wa Pwani.

Waheshimiwa, assalaam alaykum.

Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Mkono wangu umezoea petroli kuliko umeme, lakini kazi hii ikikuweka gatini miaka mingi unaona kila kinachopanda na kinachoshuka: simiti, mbuzi, magodoro ya maharusi, majeneza, na tangu bodaboda ziingie visiwani, pikipiki. Sasa ni zamu ya pikipiki za umeme, na nyuma yake magari.

Ombi langu nalitanguliza, ili asiye na muda asome aya hii aishie hapa. Chombo kilichobeba abiria kisibebe betri kubwa ya umeme wala jerikeni za petroli. Na chombo kitakachobeba mizigo hiyo kipimwe uzito kabla ya kufungua kamba.

Siandiki kupinga pikipiki za umeme. Mpango wa taifa wa pikipiki hizi ulizinduliwa na Rais William Ruto hapo Mombasa tarehe 1 Septemba 2023, na mwaka huohuo Sheria ya Fedha ikaziondolea kodi ya VAT pikipiki za umeme na betri zake. Kilichoingia Mombasa huchukua muda kufika Amu, ila hufika. Tena kwetu kina maana kuliko bara. Kila lita ya petroli inayochomwa kisiwani imevushwa kwa maji na bei yake imepanda njiani. Mji wa kale, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambamo moshi na kelele za bodaboda hazina pa kutokea isipokuwa madirishani mwa watu. Kijana akiweza kuchaji usiku nyumbani kwao, na aje. Ninachouliza ni jinsi hiyo pikipiki itakavyovuka.

Nieleze inavyofanyika Mokowe, gati letu la upande wa bara, kwa kuwa wengi wenu mnavushwa na spidiboti zenye viti vya sponji na hampati kuona. Maji yakiwa yamejaa, kazi ni nyepesi. Ubao unatandikwa kutoka gatini hadi ukingo wa boti, kijana mmoja anashika usukani, wawili wanaizuia kwa nyuma, pikipiki inateremka taratibu. Maji yakitoka, hasa siku za bamvua, boti inakuwa chini kabisa na ngazi zinateleza kwa mwani. Hapo pikipiki inabebwa juujuu na vijana wanne, na wa tano yumo ndani ya boti amenyoosha mikono kupokea gurudumu la mbele. Inawekwa katikati, kwa mapana, maana ndipo penye nafasi. Abiria wanakaa pembeni, magoti yanagusa spoku, na mama aliyempakata mtoto hana budi kuegemea tangi. Nyuma, karibu na mashine, ipo jerikeni ya nahodha, na mara nyingi nyingine za wateja, zimezibwa kwa kipande cha nailoni chini ya kifuniko kwa sababu kifuniko chenyewe hakikazi. Mtu akitoa sigara, abiria wanamkemea. Hiyo ndiyo kanuni ya moto tuliyo nayo, na wanaoisimamia ni abiria wenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniambia betri italeta hatari kwenye boti zetu, jibu langu ni kwamba hatari imo humo tangu zamani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka chini kwenye ngama, unakaa pale unasubiri cheche. Nimefungua mashine nyingi zenye nyaya zilizochubuka kiasi cha kunifanya nishangae tulivyovuka salama. Kanuni itakayoibana betri na kuiacha jerikeni itakuwa kanuni ya kuonyesha watu tu. Ndiyo maana nimeziomba mbili pamoja.

Hata hivyo moto wa betri una tabia yake, na manahodha wetu hawajafundishwa tabia hiyo. Ndani ya betri ya lithiamu mna seli nyingi zilizopangwa bega kwa bega. Moja ikiharibika, kwa kupigwa, kwa kuchajiwa vibaya, kwa kasoro ya kiwandani au kwa kuingiwa na maji, inaanza kujipasha joto yenyewe. Joto hilo linaichoma ya jirani, nayo inaichoma inayofuata. Moto huu hauzimiki kwa kuunyima hewa, maana kinachouendesha kimo ndani ya betri. Unatoa moshi wenye gesi zinazoweza kulipuka na gesi ya sumu, haidrojeni floraidi ikiwemo, inayochoma mapafu. Mtungi wa unga unaoning'inia kwenye boti unaweza kuushusha mwali, watu wakashukuru Mungu, kisha baada ya dakika chache ukarudi palepale. Mchanga, ambao ndio mazoea yetu kwa moto wa petroli, unafunika joto likabaki humo humo. Kinachopoza ni maji, tena mengi na kwa muda mrefu. Na hata ikishapoa, betri inaweza kuwaka upya baada ya saa kadhaa, au siku.

Boti iliyo wazi ina nafuu moja kwamba upepo unaupeleka moshi. Lakini mnajua kusi inavyokuwa. Mvua ikianza, turubai za pembeni zinateremshwa na abiria wanajikunyata ndani. Moshi wa namna hiyo chini ya turubai iliyoteremshwa hauhitaji dakika nyingi.

Sasa kuna video za meli zinazoungua zinazozunguka kwenye simu, na kila moja inakuja na maelezo yaleyale: magari ya umeme hayo. Tusitishane bure. Felicity Ace iliwaka karibu na visiwa vya Azores Februari 2022 ikiwa na magari karibu 4,000, ikazama tarehe 1 Machi. Mabaharia wote 22 waliokolewa, na chanzo hakikuthibitishwa. Fremantle Highway iliwaka nje ya pwani ya Uholanzi Julai 2023 ikiwa na magari 3,783, na kati yake 498 yalikuwa ya umeme. Baharia mmoja alifariki. Dunia nzima ikalaumu betri. Meli ilipovutwa hadi bandarini, magari yapatayo elfu moja ya madeki ya chini yalikutwa mazima, ya umeme yakiwemo. Na Höegh Xiamen, iliyoungua Jacksonville, Florida, Juni 2020, ilikuwa imebeba magari makuukuu ya mafuta. Wachunguzi walisema betri zake za kawaida hazikukatwa na kufungwa inavyotakiwa. Hizo ni betri ambazo kila fundi wa mtaa wa Langoni anazijua. Takwimu za Uswidi nazo zinaonyesha magari ya umeme huwaka mara chache kuliko ya petroli na dizeli.

Kilichonigusa zaidi ni uamuzi wa Norwe, nchi ambayo sehemu kubwa ya magari mapya yanayouzwa ni ya umeme. Januari 2023 kampuni moja ya meli za pwani, Havila, ilikataa kubeba magari ya umeme na ya haibridi. Haikusema yanawaka ovyo. Ilisema gari la mafuta likiwaka, mabaharia wake wanaweza kupambana nalo wenyewe. La umeme likiwaka, huenda wakahitaji msaada kutoka nje. Feri nyingine za nchi hiyohiyo zinaendelea kuyabeba bila wasiwasi, na siwezi kusema Havila ilikuwa sahihi kuliko wenzake. Lakini swali lake ndilo letu. Boti ikiwaka kati ya Mokowe na Amu, wavuvi watafika, na nitawaamini wavuvi kuliko king'ora chochote. Boti ikiwaka njia ya Kizingitini, kisiwani Pate, magharibi imeingia, msaada wa nje ni nani?

Halafu kuna chumvi, ambayo Norwe wanayo na sisi tunayo, ila wao magari yao yanapanda feri kavu kwa matairi yake. Nikifungua kasha la betri ya kawaida ya boti iliyopita msimu mmoja wa kusi, nakuta vichwa vimeota kutu ya kijani na nyeupe, na waya wa shaba unakatika mkononi kama kijiti cha mfagio. Hiyo ni betri ya volti 12. Betri ya gari la umeme ni ya volti 300 na zaidi. Maji ya bahari yanapitisha umeme, na yakikauka yanaacha chumvi yake ndani iendelee na kazi. Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipoisukuma bahari ikafurika bandari ya Newark, New Jersey, magari 16 aina ya Fisker Karma, mapya yanayosubiri wateja, yaliungua baada ya kufunikwa na maji ya chumvi. Baada ya kimbunga Ian cha Septemba 2022, zimamoto wa Florida walikuwa wakizima magari ya umeme yaliyokuwa yamelowa siku za nyuma na kuonekana yako salama.

Pikipiki mpya ina mpira wa kuzuia maji na kasha lililoziba sawasawa. Siihofii sana hiyo. Ninayoihofia ni ile itakayokuwa imekimbia barabara ya Matondoni mwaka mzima, imeangushwa mara kadhaa, kasha lina ufa uliozibwa kwa gundi, na betri imefunguliwa na fundi wa mtaani akabadilisha seli mbili tatu kwa zilizotoka kwenye betri nyingine. Ninawajua mafundi hao, ni ndugu zangu, na wana akili za ajabu. Wataifungua tu. Basi hiyo ndiyo itakayobebwa kwenda Mombasa kutengenezwa, ikiwa mbovu, kwenye boti ya abiria, ikipigwa na mawimbi.

Niingie kwenye uzito, jambo ambalo watu hulipita haraka kwa sababu halitoi moshi.

Nissan Leaf, gari la umeme ambalo Wakenya wengi wameshaliona, lina kilo kama 1,500, na kiasi cha 300 kati ya hizo ni betri peke yake. Gari la petroli la umbo linalokaribiana nalo, kama zile Probox zinazobeba miraa, lina kilo kama 1,100. Kwa macho ni magari ya aina moja. Nahodha wa tishari la mizigo aliyezoea kukisia kwa macho atayapanga kana kwamba yako sawa, na kumbe kila moja la umeme limempandishia watu watano asiowaona. Wabunifu wa magari watasema betri iko chini kwenye sakafu, kwa hiyo gari halipinduki upesi. Kweli, barabarani. Chombo hakijali mzigo uko chini ya gari. Kinachojua ni jinsi ukingo wake ulivyokaribia maji.

Kwa pikipiki hesabu ni hiyohiyo kwa udogo. Bodaboda ya kawaida ya petroli ina kilo kama 120, na ya umeme haiwi nyepesi. Hao ni watu wazima karibu wawili. Boti ikiandikwa abiria 20, halafu ikapakia pikipiki tatu, nani anapunguza abiria watano? Mimi sijamwona. Namba iliyopakwa rangi ubavuni inahesabu vichwa, na pikipiki haina kichwa.

Manahodha wa zamani wa majahazi walikuwa na elimu ya farumi. Walijua mawe mangapi yakae chini na wapi, ili chombo kisimame vizuri kikiwa kitupu. Sasa tuna mizigo mizito iliyokaa juu, haikufungwa, juu ya magurudumu. Mtu akisikia chombo kimelala, anaegemea upande wa pili. Mzigo wa magurudumu hauegemei; unakaa kimya mpaka uanze kuteleza, kisha unakwenda wote kwa pamoja upande uleule mbaya. Likoni, tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri likaingia baharini na mama na mtoto wake, na ilichukua karibu wiki mbili kuwatoa. Hiyo ilikuwa feri ya chuma, mkondo mfupi, na mji mkubwa pande zote mbili.

Moto na uzito watu huviongelea kama vitu viwili, na humu ndimo ninapotaka mnisikilize zaidi. Nimesema dawa ya betri ni maji mengi. Kwenye chombo, maji mengi ni mzigo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Ndoo 50 ni tani moja, na tani hiyo haikai ulipoimwaga. Inakimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi. Februari 1942 meli kubwa ya Kifaransa, Normandie, iliyokuwa imechukuliwa na Marekani, iliwaka moto gatini New York kwa cheche za mafundi. Zimamoto wakaimwagia maji kwa saa nyingi. Moto ulishindwa, na meli ikalala ubavu kwa uzito wa maji yaliyoizima. Gatini, imefungwa kamba! Sasa chukueni boti ya mbao yenye abiria 20 waliokimbilia omo, yaani mbele, wote kuukwepa moshi, tezi kule nyuma ina moto, na vijana wawili wanachota maji ya bahari na kuyamwaga ndani. Wanafanya jambo sahihi kwa moto na jambo baya kwa chombo, kwa ndoo ileile.

Historia ya uzito kwenye maji yetu tunaijua kwa machozi. MV Mtongwe ilipinduka Mombasa tarehe 29 Aprili 1994 na watu 272 wakafa. MV Nyerere, kivuko kilichoundwa kwa watu wapatao 100, kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, na waliokufa walizidi 220. Mnazikumbuka tume. Betri haikuwa na mkono katika msiba wowote kati ya hiyo. Kilichokuwapo ni chombo kilichopakiwa bila kupimwa.

Mtasema sheria za kimataifa zipo. Zipo. Mkataba wa usalama wa meli, SOLAS, uliozaliwa baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, una masharti marefu kuhusu feri za magari, vigunduzi vya moshi na mabomba ya kumwaga maji kwenye deki. Lakini unahusu safari za kati ya nchi na nchi, na mwanzoni kabisa unaorodhesha vyombo usivyovihusu, ikiwemo meli za mbao za uundaji wa kikale. Mafundi wa Matondoni wakisikia chombo chao kinaitwa cha kikale watacheka, halafu watakasirika. Vyovyote vile, maana yake ni kwamba hakuna wa Geneva wala London atakayetuandikia kanuni ya mashua ya Pate. Ni nyinyi.

Na kanuni yenyewe inaweza kutosha kwenye ukurasa mmoja. Pikipiki za umeme, za petroli, betri za kubadilisha na jerikeni zivushwe kwa mashua za mizigo, kwa saa zinazojulikana, asubuhi na alasiri, zikiwa na mabaharia tu. Mwenye pikipiki avuke kwa boti ya abiria aipokee upande wa pili. Najua italeta usumbufu, na kijana wa bodaboda atalalamika kwamba pikipiki yake itakwaruzwa. Apewe risiti. Simu, tochi na betri ya kiti cha mgonjwa siviongelei hapa, vipite. Kwa visiwa vya mbali, ambako siku nyingine chombo ni kimoja tu na kinasubiri maji yajae ndipo kipite mkondo wa Mkanda, ruhusuni pikipiki moja, iliyofungwa kwa kamba pande nne, na ihesabiwe kuwa abiria wawili. Moja. Mkiandika "chache" zitakuwa sita.

Betri inayochomoka iondolewe kwenye pikipiki kabla ya kupakiwa, vichwa vyake vifunikwe, iwekwe kwenye kasha ukingoni, mahali ambapo mtu mmoja anaweza kuinyanyua na kuitosa. Wazee wetu walitosa shehena dhoruba ilipowashinda, na hakuna aliyewadai mahakamani. Betri ikianza kufuka na kunuka, itoswe mara moja bila kumsubiri mwenyewe aridhie. Najua wa mazingira watanilaumu kwa ajili ya mikoko, na wana haki. Lakini betri moja tutaipiga mbizi kesho, watu 20 hatutawarudisha. Kwa betri ya gari, isiyochomoka, haliwezekani hilo, ndiyo maana gari la umeme lisipande tishari moja na abiria hata mmoja, likatwe umeme, lizuiwe magurudumu na lifungwe.

Chaji nayo iwe ndogo. Seli iliyojaa ina nguvu nyingi ya kuachia kuliko iliyo nusu. Tangu Aprili 2016 usafiri wa ndege haupokei betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama shehena zikiwa na chaji inayozidi asilimia 30, na kwenye ndege za abiria haziruhusiwi kabisa kama shehena. Kama rubani ameona hivyo, nahodha naye apewe kiwango. Na chomboni kusichajiwe kitu kikubwa wakati wowote, hata usiku kikiwa kimefungwa na mabaharia wamelala. Septemba 2019, boti ya wapiga mbizi iitwayo Conception iliungua California usiku na watu 34 waliokuwa wamelala wakafa. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha moto ulianzia kwenye nini, lakini walitazama sana sehemu ambayo watu walichomeka chaja zao.

Betri iliyozama, iliyovimba, iliyopasuka au iliyofunguliwa isivuke na watu, basi. Ikae mahali penye kivuli ikisubiri mashua yake, maana jua la Mokowe saa saba mchana si jambo la mchezo kwa betri iliyo mbovu. Na hicho kivuli kisiwe banda la makuti, tafadhali. Waliouona moto wa Faza wa mwaka 2009, ulioteketeza mamia ya nyumba, watawaeleza makuti na upepo vinavyoelewana.

Mizani ni jambo rahisi kuliko yote na ndilo ninaloogopa halitafanywa. Mizani ya jukwaa, ile ya kupimia magunia, iwekwe Mokowe kwenye njia ya kuingia gatini. Kila pikipiki na kila kasha lipite juu yake, kilo ziandikwe kwa chokaa kwenye mzigo wenyewe ili nahodha azione. Kila chombo kipakwe mstari ubavuni: maji yakiufikia, hakiondoki. Mstari hauhitaji kujua kusoma, na abiria yeyote anaweza kuuona akiwa gatini. Mnajua kwa nini nasisitiza abiria auone. Sharti linaloonekana na afisa peke yake hugeuka kuwa nauli ya afisa.

Kuhusu gharama, msiwabebeshe wenye boti peke yao. Wanaouza pikipiki hizi hupata faida yao Mombasa na Nairobi, na wao ndio wanaojua betri yao imetengenezwaje. Leseni ya kuziuza au kufungua kituo cha kubadilishia betri Lamu iende pamoja na wajibu wa kuchangia mashua ya mizigo, makasha ya kubebea na mafunzo ya manahodha. Mafunzo yafanywe gatini, kwa siku ambazo boti hazina kazi, na ichomwe betri halisi mbele yao ufukweni, mbali na nyumba. Nahodha aliyeuona moto huo ukirudi baada ya kumwagiwa unga hatahitaji kuhubiriwa tena. Ingefaa pia boti moja ya walinzi iwe na pampu inayovuta maji ya bahari, ili kupoza kufanywe kutoka nje ya chombo na maji yasirundikane ndani yake.

Naomba mkutano na wenye boti, manahodha, vijana wa bodaboda na wapagazi wa Mokowe kabla kusi haijaanza kuvuma. Wapagazi wasisahauliwe, ndio wanaoshika hizo betri kwa mikono, na kila mkutano wa bandari niliowahi kuusikia ulifanyika wao wakiwa kazini. Mtakachokiamua kisiishie kwenye gazeti rasmi la serikali. Kibandikwe Mokowe, gati la Amu, Mtangawanda na Kizingitini, kwa Kiswahili, kikiwa na namba ya simu inayopokelewa hata siku ya Ijumaa.

Wenu,
Fundi wa mashine za boti, Amu